Nota Nazo ni Maandishi

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua jinsi herufi zinavyomtoa mtu jasho. Leo tuzungumze habari ya maandishi mengine: nota za muziki.

Mimi ni bwana shamba hapa Unguja. Mchana nawatembelea wakulima wa mpunga. Usiku napiga fidla katika kikundi cha taarabu. Hatupati mshahara. Wamo walimu, wavuvi na mafundi cherehani. Vikundi vya namna hii ni vya zamani. Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Nina cheti cha kilimo, lakini nota bado nazisoma kwa kusuasua.

Nota huandikwa kwenye mistari 5. Nota ikipanda, sauti ni nyembamba. Ikishuka, sauti ni nene. Umbo lake huonyesha urefu wa sauti. Nota nyeusi yenye kijiti kwa kawaida huchukua pigo 1. Nyeupe yenye kijiti huchukua mapigo 2. Nyeupe isiyo na kijiti huchukua 4. Mistari ya kusimama hugawa wimbo katika vyumba.

Utauliza, mwenye sikio zuri ana haja gani na nota? Sikiliza. Kikundini kwetu alikuwapo mzee mmoja, fundi wa fidla. Alijua bashraf nyingi, yaani muziki wa vyombo vitupu unaofungua taarabu. Mzee alifariki. Bashraf moja ilikuwa kichwani mwake tu. Tulikaa tukajaribu kuikumbuka. Huyu alikumbuka mwanzo, yule katikati. Vipande havikuungana. Mpaka leo hatuipigi. Zile zilizoandikwa tunazipiga, na vijana wanajifunza.

Basi, ufanye nini kama kusoma kunakuwia vigumu?

Kwanza, chukua karatasi nyumbani. Soma vyumba 4 kila siku, si ukurasa mzima. Imba kwanza, ndipo upige.

Pili, keti karibu na anayesoma vizuri. Katika taarabu asilia fidla zote hufuata wimbo mmoja. Sikio lako litamfuata yeye, na jicho lako litafuata karatasi. Siku kwa siku vitapatana.

Tatu, ukipotea usikimbizane na wenzako. Nyamaza, hesabu mapigo, ingia chumba kinachofuata. Kimya cha chumba kimoja hakiharibu wimbo. Sauti isiyo mahali pake huharibu.

Nne, weka alama kwa kalamu ya risasi pale unapojikwaa.

Usione haya kusoma polepole. Mtoto wa shule na mtu mzima huanzia herufi ile ile. Na kama kijijini kwako yuko mzee mwenye nyimbo zisizoandikwa, mtafute anayejua nota, mwende kwake pamoja. Mwende wiki hii, naye angali anaimba.