Insha Yenye Hoja ni Shule ya Haki



Kila muhula unapoanza na mada za insha za utafiti kubandikwa ubaoni, maswali yanayosikika mabwenini ni yale yale. Kurasa ngapi? Tanbihi au mabano? Vitabu visipungue vingapi? Ni maswali ya lazima, kwa sababu insha isiyofuata utaratibu hurudishwa kwa mwenyewe kabla haijasomwa. Lakini kadiri ninavyoendelea na falsafa, naona kuna swali linalotangulia hayo yote, nalo ni hili: insha hii inawatendea haki watu inaowazungumzia?

Naandika kwa ajili ya majandokasisi wenzangu wanaoanza mwaka wa kwanza, na pia kwa waamini wa parokia zetu ambao watoto wao wako vyuoni na huwasikia wakilalamikia insha. Nitatumia mfano mmoja ninaoujua vizuri, yaani insha niliyoiandika katika somo la maadili kuhusu mto Katuma wa kwetu Katavi.

Mada si hoja

Kwa msomaji asiyeujua, Katuma ni mto unaotokea nyanda za juu upande wa magharibi wa Mpanda. Hupita Sitalike, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974, na kulisha mabonde ya Katavi na Chada ndani ya hifadhi, kabla maji yake hayajaelekea Ziwa Rukwa. Masika mabonde hayo hujaa. Ikifika Septemba na Oktoba, viboko kwa mamia hubanana kwenye madimbwi ya matope yaliyosalia, na watalii hutoka mbali kuja kupiga picha. Picha hizo zinavutia, lakini ni picha za mto unaoishiwa maji.

Ukimuuliza mtu Mpanda mjini nani anakausha Katuma, mara nyingi utajibiwa kwa neno moja: wafugaji. Miaka mingi sasa familia nyingi za wafugaji, hasa Wasukuma, zimehamia Katavi na mifugo yao zikitafuta malisho. Wengine watakutajia wakulima wa mpunga wa mabondeni. Wafugaji wenyewe watakuonesha mifereji. Kila mmoja ana kidole cha kunyoosha.

"Mto Katuma na mazingira" ni mada. Mada haina ubishi ndani yake. Ni kama kutaja jina la kijiji bila kusema unakwenda kufanya nini huko. "Tunapaswa kutunza vyanzo vya maji" nayo haijawa hoja bado. Ni wito mwema, lakini ni nani atakayesimama kuupinga? Hoja ni sentensi ambayo mtu mwenye akili timamu na nia njema anaweza kuikataa. Yangu ilikuwa hii: kwa kuwa maji ya Katuma hupungua kwa sababu zaidi ya moja, kumwondoa mfugaji peke yake si haki, wala hakutaurudisha mto.

Sentensi hiyo iliongoza kila kitu kilichofuata. Ilinidai nithibitishe mambo mawili: kwamba sababu ni nyingi, na kwamba kumbebesha mtu mmoja mzigo wa wengi ni dhuluma. Jambo la kwanza linahitaji ushahidi wa utafiti, la pili linahitaji falsafa. Aya yoyote ambayo haikusaidia mojawapo niliifuta, hata kama ilikuwa na maneno mazuri kuhusu uumbaji wa Mungu.

Tunaandika insha zetu kwa Kiingereza, ila nawashauri wenzangu wajaribu kwanza kuisema hoja kwa Kiswahili mbele ya mtu ambaye hakusoma falsafa. Mimi nilimweleza mama yangu mdogo jikoni wakati wa likizo. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo unasema ng'ombe hawana kosa?" Nikamjibu hapana, nasema hawako peke yao. Swali lake lilinisaidia kuona mahali ambapo msomaji wa kwanza angenielewa vibaya, nikaongeza maneno "zaidi ya moja" kwenye hoja.

Mashahidi watatu

Tuna methali inayosema, asiyejua maana haambiwi maana. Katika insha ya utafiti ni kinyume: unadhani msomaji hajui, unamwonesha ulikojulia. Nilitafuta mashahidi wa aina tatu.

Wa kwanza ni makala za kitaalamu. Katavi ina bahati ya kuchunguzwa na wanasayansi kwa miongo kadhaa, na maandiko kuhusu mto huu hayataji sababu moja tu. Yanataja umwagiliaji wa mpunga kwenye mkondo wa juu, ukataji wa miti, na mifugo iliyozidi uwezo wa malisho. Shahidi huyu peke yake alitosha kumtoa mfugaji kwenye kiti cha mshitakiwa wa pekee, lakini hakumtoa mahakamani.

Wa pili ni sheria na nyaraka za serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Zingatieni kwamba sheria haisemi mita 60 za mfugaji. Inamhusu mwenye ng'ombe, mwenye shamba la mpunga na mchoma tofali vilevile.

Wa tatu ni watu wenyewe. Wakati wa likizo nilizungumza na wafugaji na wakulima, nikawaeleza kwamba naandika insha ya chuo na kuwaomba ruhusa ya kutumia maneno yao bila majina. Mzee mmoja mfugaji aliniambia, "Frateri, ng'ombe akinywa anaondoka. Mfereji unakunywa usiku na mchana." Mkulima mmoja wa mpunga akanijibu kwa upole, "Ni kweli, mwanangu, lakini mfereji haukanyagi ukingo ukauporomosha." Sentensi mbili hizo ziliingia kwenye insha yangu zikiwa na tanbihi kamili: mahojiano, mahali, tarehe. Mzee asiyejua kusoma naye ni chanzo. Wazo lake ni mali yake kama lilivyo la profesa, na kulichukua bila kutaja lilikotoka ni kuvunja amri ya saba.

Mpinzani asiyekuwepo chumbani

Hapa ndipo falsafa ilinipa msaada mkubwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, hajengi hoja yake kwanza. Anauliza swali, kisha anaorodhesha sababu za wale wanaofikiri tofauti naye. Baada ya hapo ndipo analeta ushuhuda wa upande wa pili, anatoa jibu lake, na mwishoni anarudi kumjibu kila mpinzani mmoja mmoja. Anapouliza kama Mungu yupo, anaanza na pingamizi mbili: kwamba uovu upo duniani, na kwamba mambo ya dunia yanaweza kuelezwa kwa asili na kwa nia ya mwanadamu bila kumtaja Mungu. Hadi leo hizo ni kati ya pingamizi nzito kuliko zote. Tomaso hakuchagua wapinzani dhaifu ili awashinde kwa urahisi.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola naye, mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, anamtaka Mkristo awe tayari zaidi kuyapokea maneno ya jirani kwa maana njema kuliko kuyalaani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalirudia fundisho hilo katika namba 2478, pale inapofundisha kuhusu hukumu za haraka. Kwa hiyo sehemu ya pingamizi si pambo la kumridhisha mwalimu. Mpinzani wako hayupo chumbani unapoandika, hawezi kuinua mkono na kusema "sikusema hivyo". Wewe ndiye wakili wake pekee.

Niliandika pingamizi la upande wa pili kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Makundi makubwa ya ng'ombe huponda kingo, udongo hukatika na kujaa mtoni. Mkulima ana kijiji, ana mwenyekiti, anaweza kuwajibishwa. Mfugaji anahama na kuacha uharibifu nyuma. Tena mpunga unalisha watu wengi wa mjini. Nilipomaliza, nilimpa mwenzangu aliyezaliwa katika familia ya wakulima wa bondeni, nikamuuliza kama ameyaona mawazo ya nyumbani kwao humo. Aliposema "hapa umetusema kweli", ndipo nilipoanza kuandika jibu.

Na jibu langu lilibidi liwe na mipaka. Nilikubali kwamba mifugo huharibu kingo na kwamba sheria ya mita 60 lazima ifuatwe na wafugaji pia. Nilichokataa ni hatua inayofuata, ile ya kutoka "mifugo inaharibu" hadi "mfugaji aondoke, tatizo litakwisha". Kati ya sentensi hizo mbili kuna shimo, na watu wengi hulivuka kwa hasira. Kama mifereji na misumeno vitabaki, mto utaendelea kupungua, na familia moja itakuwa imeng'olewa bure. Kukubali kile ambacho mpinzani amekipata sawasawa hakukuidhoofisha hoja yangu. Kuliipa mahali imara pa kusimama.

Umbo nalo lina maana

Sasa turudi kwenye maswali ya bwenini. Fuateni mwongozo wa chuo chenu: ukubwa wa herufi, pembezoni, nafasi kati ya mistari, ukurasa wa jina. Mtindo wa Chicago, unaotumika sana katika falsafa na teolojia, huweka vyanzo kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Mtindo wa APA hutaja jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano. Chagueni ule mlioagizwa na msichanganye miwili.

Lakini mjue sababu ya umbo hilo. Utangulizi unamheshimu msomaji kwa kumwambia mapema unakompeleka. Aya yenye wazo moja, ikifuatiwa na ushahidi na maelezo ya ushahidi huo, inamruhusu akupinge hatua kwa hatua. Tanbihi yenye namba ya ukurasa inamwambia: usiniamini mimi, nenda ukaangalie. Alama za kunukuu zinatenga sauti yako na sauti ya mwingine. Hata pembezoni zina kazi, maana ndiko mwalimu anakoandika "Hili umelipata wapi?"

Siku hizi kuna jambo la kuongeza. Programu za akili unde zinaweza kukuandikia kurasa kumi kabla kengele ya Masifu ya Jioni haijalia, na zinaweza kukupa orodha ya vitabu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviandika. Kitabu ambacho hujakifungua usikiweke kwenye tanbihi, maana hapo unatoa ushahidi kwa jina la shahidi asiyekuwepo. Amri ya nane inatuhusu hata tukiwa mbele ya kompyuta.

Toka karatasi hadi mimbari

Mtu anaweza kusema haya yote ni mambo ya maksi. Mimi siamini hivyo, na sababu yangu iko katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Katika Jimbo letu la Mpanda, mfugaji na mkulima husali rozari katika nyumba moja. Watoto wao hupata Kipaimara siku moja. Ng'ombe wakiingia shambani usiku, watu hao hao ndio wanaoweza kukutana asubuhi na fimbo na mapanga.

Jumapili inayofuata, padre atapanda mimbarini. Hapo hakuna tanbihi wala pembezoni, na hakuna anayeinua mkono kuuliza amelipata wapi. Sentensi moja isiyopimwa kuhusu "hawa wageni na ng'ombe wao" inaweza kutembea kijiji kizima ikiwa na nguvu ya altare nyuma yake. Sentensi iliyopimwa, inayotaja kosa la kila upande kwa kiasi chake, inaweza kuwafanya wanaume wawili wakae chini ya mwembe mmoja na kuanza kuongea.

Wengi wetu tunaosumbuka na insha leo ndio tutakaohubiri kesho, Mungu akipenda. Atakayetuwekea alama nyekundu wakati huo hatakuwepo. Basi tujizoeze sasa, wakati bado kuna mwalimu wa kutuuliza, kumsikiliza shahidi kabla ya kumhukumu mshitakiwa, na kumsemea vizuri asiyekuwepo. Ndugu wa mwaka wa kwanza, insha zenu za muhula huu zikibandikwa ubaoni, anzeni kwa kujiuliza ni nani atakayeguswa na hoja mtakayochagua. Kisha nendeni mkamsikilize yeye kwanza.