Nguruwe Weusi wa Gehandu

Wengi wenu mwafuga, na wengine mwakusudia kuanza. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia tuliyoyaona Gehandu, katika nchi ya Mbulu na Hanang.

Asubuhi ile palikuwa na baridi, kama ilivyo desturi ya nyanda za juu. Mlima wa Hanang, ambao kimo chake chapita mita 3,400, ulikuwa umejifunika wingu. Tulipita kati ya mashamba ya mahindi, maharagwe na alizeti, tukaona ng'ombe na mbuzi karibu kila boma. Lakini katika boma tulilolikusudia tulisikia mkoromo wa nguruwe.

Nguruwe hao ni wa kienyeji: weusi, wadogo, wenye pua ndefu na manyoya magumu. Asili ya nguruwe wafugwao si nchi yetu. Waliletwa na wageni. Lakini mbegu hii imekaa siku nyingi hata imezoea jua na chakula haba. Mbegu iliyo safi haionekani sana sasa, kwa sababu watu huwapandisha majike kwa madume weupe wa asili ya Ulaya, ambao watoto wao hukua upesi.

Mama mwenye boma alituambia, "Walimu, mweupe ataka pumba ya kununua. Huyu wangu hula majani ya viazi na mashudu ya alizeti, naye hunizalia."

Tukamwuliza kwa nini amewafungia bandani, maana sifa ya nguruwe wa kienyeji ni kujitafutia. Akanyamaza kidogo, kisha akatuonyesha kijana aliyeketi mlangoni. "Mwanangu ana kifafa," akasema. "Majirani walinena kwamba amelogwa. Hospitali walimpiga picha ya kichwa, wakanieleza mengine."

Aliyoelezwa ni haya. Yuko mnyoo aitwaye tegu. Hukaa tumboni mwa mtu, na mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Nguruwe azururaye akila kinyesi hicho, nyama yake huota vifuko vidogo vya maji, vyeupe mfano wa punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, hupata tegu. Lakini akiyameza mayai yenyewe, kwa mikono isiyonawiwa, au kwa maji na mboga zenye uchafu, vifuko huota mwilini mwake, hata katika ubongo, navyo huweza kuleta kifafa. Basi hata asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote aweza kuugua, ikiwa mtu aliye karibu naye ana tegu.

Habari hii si ya boma moja tu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004, nguruwe 770 wa vijiji 21 vya wilaya ya Mbulu walitazamwa ndimi, na yapata 17 katika kila 100 walionekana kuwa na vifuko hivyo.

Wako wasemao, heri tumwache kabisa huyu mweusi, kwa kuwa ndiye azururaye. Twaona sivyo. Huko Uingereza walikuwa na nguruwe wa Lincolnshire, mwenye manyoya ya kujiviringa kama kondoo. Wafugaji wakamwacha, na kufikia mwaka 1972 mbegu yake ilikuwa imekwisha. Hapana awezaye kuirudisha. Tena nguruwe hakujitia ugonjwa huu, ameupokea kwetu.

Mama huyu ameiacha desturi, lakini mbegu hakuiacha. Amejenga banda la miti lenye sakafu iliyoinuka. Amechimba choo, akakitia mlango. Makombo huyachemsha kwanza, kwa kuogopa homa ya nguruwe, isiyo na dawa. Nyama huipika mpaka wekundu wote utoke. Naye kijana hunywa dawa yake kila siku, na mwaka huu ameanguka mara moja tu.

Tulipoaga, kijana huyo alikuwa akiwatilia nguruwe maji, naye mama alikuwa akimmiminia mwingine maji ya kunawa, mdogo wake, aliyetoka chooni.

Ninyi walimu, wafundisheni watoto kwamba kifafa ni ugonjwa, wala si uchawi, na mwenzao asitengwe. Nanyi wenye nyumba, kabla hamjanunua nguruwe, chimbeni choo.