Biharusi, Ubongo Wako Unahesabu Kila Tonge



Harusi za mfunguo mosi zimefuatana, na sisi kama kawaida yetu tumekuwa pamoja na maharusi: kwa fundi wa gauni, kwa somo, kwenye singo. Safari hii swali moja limezidi hata maswali ya hina na shela: "Niache kula nini ili nipungue kilo kumi kabla ya siku yangu?" Wengine hawaulizi tena, wameshaanza. Asubuhi chai kavu, mchana tango, usiku maji ya ndimu. Na siku zilizobaki ni arubaini.

Bibi zetu wangeshangaa. Kwao mwari akiwekwa ndani alilishwa: uji, maziwa, mayai, supu ya kuku, atoke amejaa na ngozi inang'ara. Leo mwari anakaa ndani na njaa yake. Hatusemi kila cha zamani kilikuwa sawa. Kisukari na presha tunavyo majumbani mwetu, na uzito uliopita kiasi una madhara yake. Tunalotaka ulijue, kabla hujafunga mdomo, ni nani unayeshindana naye. Hushindani na tumbo, ukhti. Unashindana na ubongo, na ubongo haulali.

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo, kadiri ya lozi moja, inayoitwa haipothalamasi. Hapo ndipo zinapopokelewa habari za chakula cha mwili mzima. Ubongo una sababu ya kufuatilia: uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini mtu akiwa amepumzika, ubongo peke yake unatumia kama asilimia 20 ya nguvu zote. Mwenye matumizi makubwa hivyo lazima ajue ghalani kumebaki nini.

Habari zinamfikia kwa njia nyingi. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni ya njaa, ghrelini. Ukila, tumbo linatanuka na neva ya vagasi inapeleka habari juu. Chakula kikiingia kwenye utumbo, mafuta na protini yake huamsha homoni za shibe. Kongosho linatoa insulini. Zipo hata seli za ubongo zenyewe zinazopima sukari iliyomo kwenye damu. Hizo ni habari za leo na kesho. Habari za akiba ya muda mrefu zinatoka kwenye mafuta ya mwili, ambayo hutoa homoni inayoitwa leptini. Mafuta yakiwa mengi, leptini nyingi. Yakipungua, nayo inashuka.

Leptini iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini tangu kuzaliwa. Walikuwa wanene kupita kiasi na njaa yao haikuwa na mwisho. Walipotibiwa kwa sindano za leptini, hamu ya chakula ilitulia na uzito ukashuka. Watoto wale hawakuwa walafi, ubongo wao ulikuwa haujapata habari kwamba ghala limejaa. Tukumbuke hilo kabla hatujamcheka mtu ukumbini kwa mwili wake.

Sasa turudi kwa biharusi wa tango. Ukikata chakula ghafla, leptini inaporomoka ndani ya siku chache, kabla hata mafuta yenyewe hayajapungua sana. Haipothalamasi haijui kama kuna harusi. Haijui gauni limelipiwa. Inachojua ni kwamba njaa imeingia nchini, na inaanza kukulinda. Inaongeza njaa. Inapunguza kasi ya mwili kutumia nguvu, homoni ya tezi ya shingo inashuka, unahisi baridi, unachoka, unakuwa mzito wa kunyanyuka. Na mawazo yako yote yanageuka chakula.

Hili lilijaribiwa kwa watu. Mwishoni mwa mwaka 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana wa kiume 36 wenye afya, waliojitolea. Kwa wiki 24 walipewa kama kalori 1,600 kwa siku huku wakitembea na kufanya kazi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, na mwili ukiwa umepumzika matumizi yake ya nguvu yalishuka kwa karibu asilimia 40. Walisikia baridi, mapigo ya moyo yalipungua, wakawa na hasira na huzuni. Baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Ilipokwisha, walikula kupita kiasi kwa muda mrefu. Na kalori 1,600, mashoga, ni nyingi kuliko chai kavu na tango.

Kwa mwanamke kuna jambo jengine, na hapa ndipo tunapoomba msikilize vizuri. Haipothalamasi hiyo hiyo ndiyo inayotoa amri ya hedhi. Ikiona chakula hakitoshi, inaahirisha uzazi: amri zinapungua, yai halikomai, hedhi inachelewa au inakatika. Tuna shoga yetu, hatumtaji, aliyeolewa akiwa mwembamba kama alivyotaka. Picha zake zilipendeza. Lakini nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana, alijifunika shuka mchana wa joto, na hedhi ilikuwa haijaonekana kwa miezi mitatu. Wakwe walifurahi wakidhani ni mimba. Kipimo kilisema hapana. Daktari hakuanza na dawa, alianza kwa kumuuliza: "Unakula nini?" Mwanamke mwenzetu aliingia kwenye ndoa akitazamwa tumbo kila mwezi, huku mwili wake ukiwa bado unaamini kuna njaa.

Alipoanza kula ilichukua miezi kadhaa, alhamdulillah, hedhi ikarudi. Lakini hatukusahau wasiwasi wake, wala hesabu zilizovurugika. Sisi hedhi yetu tunahesabia sala, saumu na hata eda. Siyo jambo la kuchezea kwa ajili ya zipu ya gauni.

Na baada ya harusi? Inakuja fungate, inakuja mialiko ya wakwe, biriani huku na pilau kule. Ubongo uliokuwa ukisubiri unaamuru kula, na mwili uliopunguza kasi hauna haraka ya kuirudisha. Huko Melbourne, Australia, watafiti waliwafuatilia watu 50 waliopunguzwa uzito haraka kwa wiki 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: mwaka mmoja baadaye ghrelini yao ilikuwa bado juu na leptini bado chini kuliko walivyoanza. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake, Marekani, walieleza habari za washiriki 14 wa shindano la televisheni la The Biggest Loser. Miaka sita baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ilikuwa inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Kwa hiyo biharusi akinenepa mwezi wa nne, msimwambie "ndoa imekukubali" huku mnacheka pembeni kwamba hajizuii. Ubongo wake unarudisha deni.

Kuna watakaotuuliza, mbona tunafunga Ramadhani? Saumu ina daku na ina futari. Mchana mwili unatumia akiba ya sukari iliyoko kwenye ini na kuanza kugusa mafuta, na magharibi habari inafika kwamba chakula kipo. Hiyo siyo njaa ya siku arubaini. Na Mtume wetu (S.A.W.), alipopata habari kwamba Abdullah bin Amr anafunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimkumbusha kuwa hata mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada imewekewa kiasi, gauni je?

Basi tunachowaambia maharusi wetu ni hiki. Ukitaka kupungua, anza miezi mingi kabla, na pungua kidogo kidogo. Anza na soda, juisi za sukari, maandazi na chipsi za kila jioni, usianze kwa kufuta mlo. Kila mlo uwe na samaki, dagaa, mayai, kunde au maharage, kwa sababu protini inashibisha, na mboga zijaze sahani. Tembea. Na lala, tafadhali. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 12 saa nne tu za kulala kwa siku mbili. Leptini ikashuka, ghrelini ikapanda, njaa ikazidi. Biharusi anayekesha na simu akipanga rangi za ukumbi anajiongezea njaa mwenyewe.

Vidonge na chai za kukondesha zinazouzwa kwenye simu, ambazo hata hujui ndani mna nini, viacheni. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, au ukiona kizunguzungu na nywele zinatoka, nenda hospitali, usingoje harusi ipite. Na mama, shangazi, somo: mwari akikataa sahani ya tatu mfululizo, msimsifu. Kaeni naye mle pamoja.

Na fundi mwambieni ashone gauni liufuate mwili wako. Yeye ana sindano na uzi, anaweza kuachia nafasi pembeni. Haipothalamasi haina nafasi ya kuachia.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu, afya na kizazi chema. Amin.