Muhtasari Nilioandika Kabla ya Kikao

Muhtasari wa kikao kile niliuandika usiku wa kuamkia kikao chenyewe. Nilikuwa katibu wa kamati ya wananchi ya kupanga makazi katika kitongoji chetu hapa Mkuu, na nilijiona mchapakazi. Zilikuwa zimebaki saini tu. Mstari wa mwisho nilikuwa nimeshauandika: "Wajumbe wote waliafiki."

Kazi tuliyopewa ilikuwa nzito. Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo, inapanuka ndani ya vihamba, mashamba yetu ya urithi. Baba humgawia mwana, mwana humgawia mjukuu, kipande kinazidi kuwa chembamba, na kando ya lami penye migomba na kahawa zinaota fremu za maduka. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi wasikilizwe katika kupanga. Sisi ndio tulipaswa kusema barabara ipite wapi, maji ya mvua yaelekee wapi, wajukuu wajenge wapi.

Tulizunguka na mpima mwezi wa tisa, vumbi tupu. Tukafika kwenye mfongo wa zamani, mfereji waliouchimba babu zetu kuteremsha maji ya mlimani. Miaka mingi haujamwagilia shamba la mtu. Ndani mmeota magugu. Mpima akauliza, "Hapa tuweke nini?" Nikajibu, "Weka njia."

Kama njia ile isingepita kwenye mfongo, ingepita kwenye kihamba changu na kung'oa mistari miwili ya kahawa. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Kikao nilikiitisha saa tatu asubuhi, wakati kina mama wengi wako tambarare wakikata majani ya ng'ombe. Bibi mmoja, jirani yangu, alifika tukiwa tunafunga, mzigo ungali kichwani. Akautua. "Mwanangu, mfongo ukikauka haujafa. Masika maji yanapita hapo hapo."

"Tumekusikia, bibi," nikasema. Sikuandika neno. Muhtasari ulikuwa umeshachapwa.

Mfongo ukafukiwa kwa kifusi. Masika iliyofuata maji yalishuka usiku, yakakuta njia yake imezibwa, yakakata kona na kuingia jikoni kwa bibi yule. Asubuhi nilimkuta akizoa tope kwa karai, masufuria ameyatundika ukutani, mafiga hayaonekani. Hakunigombeza. Alininyooshea chepe.

Nikiwa nazoa tope ndipo nilipokumbuka kwamba mfongo ulikuwa na kamati yake zamani sana kabla yetu. Wazee wa mfongo waligawa zamu za maji, wakaita watu kuzibua, na asiyefika alitozwa faini. Hawakuwa na ramani, ila wa juu alimjua wa chini, kwa kuwa akizuia maji leo, kesho watamjia. Sisi tulikuwa na ramani ya rangi, na wa chini yetu alikuwa jirani yangu mwenyewe.

Kwetu mwenye kosa huenda na jani la isale. Isale ndilo mpaka wa kihamba, na ndilo ombi la msamaha. Nikalichuma kwenye mpaka ule ule niliokuwa nikiulinda, nikaenda nalo. Bibi alilipokea kwa mikono miwili.

"Jani nimelipokea, mwanangu. Mfongo je?"

Kikao kilichofuata tulikifanya saa kumi jioni, kina mama wakiwemo. Nikasimama, nikasema ni nani aliyesema "weka njia" na kwa nini. Wengine waliguna, mmoja akataka nivuliwe ukatibu, na sikumlaumu. Kifusi tulikizoa kwa msaragambo, siku mbili. Kahawa yangu niliing'oa mwenyewe.

Muhtasari wa siku ile niliuandika usiku, baada ya watu kuondoka. Ulichukua kurasa sita, na hakuna mahali uliposema kwamba wote waliafiki.