Lugha Hukaa Nyumbani: Siku Tano za Baiskeli katika Nchi ya Wabaski



Tulipokuwa tukifunga mizigo yetu hapa Mombasa, mwishoni mwa Agosti mwaka jana, mama watoto alitukabidhi kofia nyeupe aliyoitunga kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa ya mjukuu wetu wa miaka saba, aliyezaliwa mjini Bilbao, kaskazini mwa Hispania, na ambaye hatukuwahi kumuona ila kwenye simu. Pamoja na kofia alitupa maneno ya kumfikishia: "Mwambieni, bibi yako anakuletea hii."

Kofia ilifika salama. Mtoto aliivaa, akatabasamu, kisha akamgeukia baba yake na kumuuliza kwa Kihispania: amesema nini?

Mtoto huyu ana ndimi tatu. Skulini husoma kwa Kibaski, barabarani huteza kwa Kihispania, na mama yake, ambaye ni Mmoroko, husema naye Kiarabu cha kwao. Lugha iliyokosekana ni moja tu, nayo ni yetu. Mwanetu aliinamisha uso, akasema: "Baba, mimi hurudi kazini usiku, na mtoto amelala." Hatukumlaumu. Kwa miaka saba sisi wenyewe tuliridhika kumuuliza baba yake kwa simu kama mtoto hajambo na amehifadhi sura ngapi. Hatukusema na mtoto. Kwa hiyo mwanetu alipopendekeza siku tano za kutembea kwa baiskeli, watu watatu, babu, mwana na mjukuu, tulikubali, ijapokuwa tangu ujanani hatukuwa tumepanda baiskeli yoyote ila blak mamba ya marehemu baba yetu.

Nchi ya Wabaski imekaa kwenye pembe ya bahari, pale milima ya Pirenei inaposhuka kukutana na Atlantiki. Ina majimbo saba ya asili, manne upande wa Hispania na matatu upande wa Ufaransa. Lugha yao, Euskara, haina ndugu anayejulikana duniani: si Kilatini, si Kiarabu, si Kijerumani. Na jina wanalojiita ni euskaldun, maana yake "mwenye Euskara". Mbaski, kwa neno lao wenyewe, ni yule aliye na lugha. Kwa kipimo hicho mjukuu wetu, mtoto wa Mmombasa na Mmoroko, ni Mbaski. Swali lililotukera njia nzima lilikuwa: kwa kipimo hicho hicho, ni Mswahili?

Siku ya kwanza tulifuata ukingo wa mto Nervión kutoka Bilbao kuelekea baharini. Njia za baiskeli huitwa bidegorri: bide ni njia, gorri ni nyekundu, kwa kuwa aghalabu hupakwa rangi hiyo. Mjukuu wetu alikuwa na baiskeli yake ndogo iliyofungwa nyuma ya ile ya baba yake, naye akipiga pedali pale tu alipopenda. Sisi tulipewa baiskeli yenye msaada wa umeme, na hatuoni haya kulisema. Watu wa huko wanaienzi baiskeli. Mwaka 2023 mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, yalianzia Bilbao. Na mji wa Eibar, uliosifika kwa mafundi wa bunduki, ulikuwa na viwanda vilivyogeukia kuunda baiskeli katika karne ya 20. Tuliposikia habari hiyo tulisema Alhamdulillahi, laiti wahunzi wote wa silaha wangefuata mfano huo.

Karibu na mdomo wa mto, katika mji wa Portugalete, tuliona daraja la ajabu lililojengwa mwaka 1893. Ni minara ya chuma pande mbili za mto, na boriti refu limepita juu, mbali kabisa na milingoti ya meli. Chini ya boriti kimening'inizwa chombo kwa nyaya, kinachobeba watu, magari na baiskeli kutoka ng'ambo hadi ng'ambo kwa dakika chache. Tulipokuwa juu ya maji tulikumbuka Likoni na feri yake, tukamwonyesha mtoto kwa kidole: "Maji." Naye akajibu: "Ur." Hapo ndipo tulipomwomba mwanetu jambo moja: asitufasirie tena. Kila kilima tutakachopanda, mtoto atapata neno moja letu, na sisi tutapata moja lake.

Siku ya pili ilikuwa Jumatatu. Tulipakia baiskeli kwenye gari la moshi hadi Gernika, kwa kuwa Jumatatu ndiyo siku ya soko lao tangu zamani. Wakulima huleta maharagwe, jibini, mikate ya mahindi iitwayo talo, na pilipili ndogo za kijani zisizowasha, ambazo hukaangwa nzima na kutiwa chumvi. Ilikuwa pia Jumatatu, siku ya soko, tarehe 26 Aprili 1937, ndege za Kijerumani na za Kiitaliano, zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, zilipoushambulia mji huu kwa mabomu na kuuteketeza. Picasso alichora msiba huo mwaka ule ule, na picha yake sasa iko Madrid.

Kilichosalia ni mti. Chini ya mwaloni wa Gernika watawala wa jimbo la Bizkaia walikuwa wakiapa kuziheshimu haki za wenyeji, na mabomu hayakuufikia. Mti unaosimama leo umepandwa mwaka 2015, nao ni wa uzao wa ule wa kale. Shina la mmoja wa waliotangulia limehifadhiwa kando yake ndani ya nguzo za mawe. Mti mmoja ukifa, mwingine wa mbegu yake hupandwa pale pale. Mtoto alituambia neno la mti: zuhaitz. Nasi tukampa "mti", akacheka kwa ufupi wake.

Sokoni mzee mmoja muuza maharagwe alimsikia mtoto akisema Kibaski na babu asiyekijua, akapenda kujua sisi ni nani. Mwanetu aliporuhusiwa kufasiri, mzee alitueleza kuwa chini ya Franco, aliyetawala hadi kufa kwake mwaka 1975, lugha yao ilifukuzwa skulini, na hata majina ya Kibaski yalikatazwa kuandikwa kwenye vyeti vya watoto. Akatutajia pete: mwalimu humpa mtoto aliyekutwa akisema Kibaski, naye huipitisha kwa mwingine atakayemsikia, na jioni mwenye kubaki nayo hupigwa. Wasomaji wetu wengi wanalijua jambo hili bila kufika Gernika. Hapa kwetu huitwa "monto", na wapo kati yetu waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili katika uwanja wa skuli.

Siku ya tatu ilikuwa ya jasho. Kutoka Gernika tulipita kando ya Urdaibai, mlango wa mto wenye matope, majani na ndege wa kila aina, maji yakijaa na kupwa kama ya Tudor. Kisha vilima vikaanza, vya kijani kibichi, kila ukidhani umemaliza kimoja kingine kinakungoja. Tulipumzika chini ya ukuta wa shamba, na mtoto, akitupa chupa ya maji, alisema neno refu: "Dakarkizut." Tulimuuliza baba yake. Akafikiri, akajibu: "Ni neno moja, Baba. Maana yake, nakuletea." Tukaduwaa. Ndani ya neno moja yumo mwenye kuleta, kimo kinacholetwa na yumo mwenye kuletewa. Wazungu wengine huhitaji maneno matatu au manne kulisema hilo. Kwa Kiswahili ni moja: nakuletea. Ametakasika Mwenyezi Mungu, aliyetuambia katika Sura ya Ar-Rum kuwa kuhitilafiana kwa ndimi zetu ni katika ishara Zake. Mtoto alilirudia neno letu mpaka tulipofika kileleni.

Usiku ule tulilala Ondarroa, bandari ya wavuvi, ambako Wasenegali wengi hufanya kazi katika meli za uvuvi. Tuliwakuta baadhi yao wakitoka kazini, tukasalimiana kwa salamu inayojulikana dunia nzima, wakatuchukua kuswali nao Magharibi. Wakati huo jua huko huzama karibu na saa tatu za usiku. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini. Kule kibla kiko mashariki kwa kuelemea kusini, na mara mbili tulijikuta tukisimama visivyo, mjukuu akatugeuza kwa kutushika kanzu. Mvuvi mmoja alitueleza kuwa nyumbani kwake huongea Kiwolofu tu. "Skuli itawapa mengine," alisema, "hili ni langu kuwapa."

Kuhusu chakula, kina mama watataka kujua. Nchi ile inapenda nguruwe, na neno lake ni txerri, lishikeni. Mvinyo hutiwa katika michuzi mingi ya samaki, kwa hiyo ni lazima kuuliza kila mara. Jibini yao maarufu ya Idiazabal, ya maziwa ya kondoo, kwa desturi hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa mwana-kondoo. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mas-ala hayo, nasi tukachagua kuiacha. Lakini bahari ni halali, na Wabaski ni mabingwa wa bahari. Tulikula samaki wa kuchoma kwa makaa Getaria, kijiji cha Elkano, nahodha aliyekamilisha safari ya kwanza ya kuizunguka dunia mwaka 1522. Tulikula samaki wa chumvi, mfano wa ng'onda wetu, aliyepikwa polepole kwa mafuta ya zeituni na thomu, sufuria ikitikiswa mpaka mafuta yakawa mazito kama tui. Na Wasenegali walitupikia marmitako, chakula cha mabaharia: jodari, viazi, vitunguu na pilipili tamu. Tulimwambia mtoto: "Huu ni mtuzi." Mwanetu akacheka: "Baba, skulini wangesema mchuzi."

Tulilitafakari hilo siku ya nne, tukipita miamba ya Zumaia, ambayo imepangika tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu, kila tabaka ni zama. Wabaski walikutana Arantzazu mwaka 1968 na kuafikiana lugha moja sanifu ya skuli na vitabu. Nasi pwani tunakumbuka mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, ulioichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Si vibaya, taifa linahitaji lugha ya wote. Lakini tuliona kuwa mjukuu wetu, ambaye mwalimu wake humfunza kumwita babu aitona, alituita sisi aitite, kama wasemavyo watu wa Bizkaia majumbani mwao. Sanifu haikuifuta lahaja, kwa sababu nyumba haikuiachilia. Je, wajukuu wetu wa Kibokoni na Kuze wanajua ndia, nti, mato? Mwacha mila ni mtumwa, nasi mila zetu tumeanza kuziacha mlangoni pamoja na viatu.

Siku ya tano tuliingia Donostia, mji wa ghuba kama mwezi mwandamo. Katika mitaa ya zamani ya mji huo, miaka ya 1940, lugha ilipokuwa imekatazwa, mwalimu mmoja, bibi Elbira Zipitria, aliwakusanya watoto wachache nyumbani na kuwasomesha kwa Kibaski kwa siri. Kutokana na nyumba za namna hiyo zikakua skuli ziitwazo ikastola, na leo watoto wengi upande wa Hispania husomeshwa kwa Kibaski, wa wenyeji na wa wageni. Wasemaji wake sasa ni zaidi ya 700,000. Hatukuweza kusimama pale bila kuwakumbuka bibi zetu wa pwani, waliosomesha chuo barazani na kutulea kwa hadithi na tenzi. Hawakungoja amri ya serikali wala ruhusa ya mtu.

Ufukweni tulimpigia simu mama watoto. Mtoto alikuwa amevaa ile kofia, imeingia jasho la vilima vyote. Alichukua simu, akatutazama kwanza kama mtu anayeomba ruhusa ya kuvuka, kisha akasema polepole: "Bibi, nakuletea salamu." Upande wa pili palikuwa kimya, halafu tukasikia bibi akilia na kucheka.

Mjukuu wetu hajui Kiswahili bado. Ana maneno thalathini na tatu, tumeyaandika. Kila Ijumaa baada ya Alasiri yeye na bibi yake huongea, bila ya mfasiri, na mwanetu ameahidi kuwa chakula cha usiku wa Jumamosi ni cha Kiswahili. Ndugu zetu, na hasa kina mama, hatuna fatwa ya kuwapa katika hili. Tunawaomba tu msiufunge mlango huo majumbani mwenu kwa kudhani skuli itaufungua. Mtoto mwenye jamaa wa mbali, mpigieni leo, na msimuulize baba yake habari zake. Semeni naye mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, dini yetu na ndimi zetu. Amin.