Sauti ya dada yetu ilimezwa na gita

Sisi ni vijana wa bendi hapa Nyarugusu. Dada yetu mwimbaji alipata tarehe ya kusafiri Marekani, zikabaki siku nne tu. Tukasema lazima tumrekodi, wadogo zake wabaki na sauti yake.

Tulirekodi darasani baada ya vipindi, kwa simu mbili: moja ya dada, moja ya gita, besi na ngoma. Kusikiliza kwenye kompyuta, lo! Inakwaruza, mwangwi mwingi, na dada hasikiki. Tukamwongeza, tukamwongeza tena, ikawa kelele tupu.

Kosa lilikuwa letu: kila mmoja alitaka chake kisikike. Tulipopunguza gita na besi badala ya kumwongeza dada, alianza kusikika. Tukaondoa na mdundo mzito, chini ya hezi 100, ulioingia kwenye simu yake. Lakini mkwaruzo haukutoka. Sauti ikishaingia kwa nguvu kupita kiasi ni vigumu kuitibu, afadhali kurudia.

Basi tukarudia. Tukatundika mablanketi, maana kuta tupu na bati hurudisha sauti. Simu tukaiweka shubiri moja toka mdomoni, kando kidogo, mbali na ngoma. Tukajaribu kwanza pale anapopaza sana.

Kesho yake akapanda basi. Jioni wadogo zake wanamsikiliza kwenye redio ya memori kadi. Mpiga gita bado ananung'unika kwamba hasikiki vizuri. Tunamwambia: wewe upo, kaka. Aliyeondoka ni yeye.