Gari Lililochoka: Weka Sharti Kabla ya Kulipa



Umeuza tumbaku, dalali kakupigia: kuna Prado, imetembea kilomita 290,000, "kasoro ndogo ndogo tu". Unaniuliza ununue au uache.

Kilomita nyingi si dhambi. Njia hii ya Ujiji imechosha watu tangu misafara ya Bagamoyo ilipokuwa ikipumzika hapa Tabora. Dhambi ni kuficha. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji. Nawe tia mkono. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama maziwa, huenda maji yameingia. Liwashwe asubuhi injini ikiwa ya baridi. Moshi wa buluu maana yake linakula oili. Na nenda na fundi wako, si wa dalali!

Kisha weka sharti. Katika madhehebu yetu ya Shafi unaruhusiwa khiyari isiyozidi siku tatu. Liandikwe mbele ya mashahidi, uliendeshe hadi Urambo na kurudi. Hapa wengi huteleza: ukigundua kasoro iliyofichwa, rudisha upesi. Ukiendelea kulitembelea huku unanung'unika, umeridhia. Ila kasoro aliyokutajia ukakubali ni yako, usimsumbue.

Basi jumlisha bei, spea na ufundi. Hesabu ikigusa ada ya watoto, au ikikupeleka kwenye mkopo wa riba, mwachie gari lake.

Wallahu a'lam.